Nilivyojifunza Kuziba Masikio

Masikio yangu bado yanalia. Nasema hilo kwanza ili wewe unayesoma haya, labda ukiwa kwenye benchi la kliniki ukingoja kuitwa, usidhani nakuuzia dawa. Yanalia hata sasa ninapoandika, mlio mwembamba kama wa mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Lakini nafanya kazi yangu, naongea na watu wangu, na mtu akitoa mzaha nacheka pamoja na wengine badala ya kungoja wao wacheke ndipo nijue ni mzaha. Kuna wakati hayo yote yalikuwa yamenitoka.

Jina langu ni Phanice. Hapa Lurambi wananiita Mama Brenda, na wasiomjua Brenda wananiita Mama Poshomili. Mashine yangu ya kusaga iko ndani ya chumba cha mabati kando ya barabara. Injini ya dizeli iko upande mmoja, kinu upande wa pili, na mimi nasimama katikati nikimimina mahindi. Nilianza kusimama hapo Brenda akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa yuko chuoni. Mavuno yakishaingia na mahindi mapya yakikauka, foleni ya ndoo na mifuko inafika hadi kwa muuza mkaa, na injini inawaka tangu asubuhi mpaka jua lishuke.

Ugonjwa wangu haukuja kwa kishindo. Mwanzoni, nikifunga kazi, masikio yalikuwa kama yamejazwa pamba, na kufikia asubuhi yalikuwa yamefunguka. Nilifikiri ni unga. Baadaye yakawa hayafunguki vizuri asubuhi. Kisha mlio ukaja, ukakaa. Halafu maneno ya watu yakaanza kunifikia yamekatwa ncha. Wengi hawaelewi hili, kwa hivyo nalieleza polepole: sauti nilikuwa nazisikia. Nilijua kabisa kwamba mtu anaongea nami, na kama ni mwanamke au mwanamume, na kama amekasirika. Ila hakuna neno lililokuja zima. Herufi nyembamba kama "s" na "f" na "t" zilikuwa zimeondoka, zikaniachia "a" na "o" na "u" zinazunguka tu. Mteja akisema anataka kusagiwa wimbi nilimsagia mihogo. Na cha ajabu, sahani zikigongana jikoni niliumia kichwani kama nimepigwa.

Brenda akija nyumbani likizo alikuwa akiingia na kupunguza televisheni kabla hajanisalimia. "Mama, hii sauti inasikika mpaka barabarani," alisema. Nami nikamjibu kwamba chakula kiko mezani.

Mume wangu, Shivachi, ambaye nitamwita Baba Brenda kwa sababu ndivyo ninavyomwita, analima miwa. Yeye alisema ni mawazo. Alipochoka kusema ni mawazo, alianza kusema ninajifanya.

"Nikikuita kuhusu kazi husikiangi," aliniambia. "Lakini mtu akitaja pesa, unageuka."

Ilikuwa kweli kwamba nageuka. Neno "pesa" lilikuwa linasemwa na watu wakinitazama usoni. Lakini hata mimi sikujua wakati huo kwamba nasoma midomo.

Halafu baba mkwe akaugua. Walimpeleka hospitali Eldoret, na tulikuwa tumeambiwa kwamba wiki hiyo angeruhusiwa kurudi nyumbani, Iguhu. Sote tulikuwa tunamngoja. Siku hiyo kulikuwa na foleni na injini ilikuwa inanguruma. Nikamwona shemeji yangu Imbwaga, mdogo wake Baba Brenda, anashuka kwenye pikipiki na kuja mbio hadi mlangoni. Aliweka mdomo karibu na sikio langu la kushoto, ambalo ndilo baya zaidi, akapaza sauti.

Nikasikia: "Mzee amefika!"

Nilipiga vigelegele. Niliacha ndoo ya mtu, nikainua mikono yote miwili, nikapiga vigelegele vya arusi. Wateja wakageuka. Nikamwona Imbwaga machozi yanamtoka, nikafikiri ni ya furaha, nikamshika mabega.

"Mwambie Mama nakuja na ingokho, kuku mzima!" nikampigia kelele. "Mzee anywe supu! Mungu ni mwema!"

Imbwaga alinitoa mikono mabegani. Alienda mwenyewe akaizima injini. Kukawa kimya, watu wote wakitutazama, ndipo akarudi akasimama mbele yangu.

"Shemeji," alisema. "Nimesema amefariki."

Sitaeleza sana siku za matanga. Nilipika, nikachota maji, nikafua, nikalala chini na wanawake wengine wa boma. Lakini habari ilikuwa imefika Iguhu kabla yangu. Kila nilipopita na sufuria niliona midomo ikifungwa. Kusikia sikuweza, ila kuona niliweza. Mama mkwe wangu alikaa penye kiti chake akipokea mikono ya watu, na nilipoinama kumpa wangu aliupokea, akaangalia upande.

Baada ya mazishi, tukiwa tunakunja mahema, Baba Brenda alinisogelea. Alisema kwa utaratibu, akinitazama, nami nikalipata kila neno.

"Ulipiga vigelegele baba yangu alipokufa. Mbele ya watu."

"Sikusikia vizuri, Baba Brenda."

"Hukusikia. Wewe husikiangi."

Nikamwambia, "Basi ndiyo hiyo. Mimi sisikii. Sijifanyi, sichagui, sisikii. Naenda hospitali, na utakuja na mimi ama nitaenda peke yangu."

Hakuja. Nilienda na Brenda.

Kliniki ya masikio ina jambo moja ambalo nikilikumbuka nacheka. Muuguzi anatokea mlangoni na faili, anaita jina kwa sauti ndogo ya upole, kisha anangoja. Na sisi tulio kwenye benchi, wote tumekuja kwa sababu hatusikii! Siku ya kwanza jina langu liliitwa likapita, nikakaa mpaka chakula cha mchana. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alikuwa amebuni njia yake. Kila mlango ulipofunguka alisimama, akamwendea muuguzi, akaonyesha kitambulisho chake, akarudishwa, akakaa. Mlango ukifunguka tena, anasimama tena. Nikamwiga. Tukawa tunasimama na kukaa pamoja kama tuko kanisani, na huyo mzee akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka duka la dawa, "Hapa usipojitetea utazeekea hapa!" Brenda alificha uso ndani ya sweta.

Kwanza walinitoa nta. Ilikuwa imechanganyika na unga na kuwa ngumu kama udongo wa kufinyanga. Kisha wakagundua sikio la kushoto lina maambukizi, nikapewa dawa ya matone. Mvua ndefu ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa nalala ubavu kila jioni Brenda akinidondoshea. Maambukizi yakaisha, na mlio haukuisha. Ndipo nikapelekwa kupimwa usikivu.

Walinifungia kwenye chumba kidogo kilichowekewa sponji ukutani, nikapewa kitufe nikaambiwa nikibonyeze kila nikisikia mlio hata kama ni mdogo vipi. Nilisikia milio minene, nikabonyeza. Kisha nikakaa. Nikakaa zaidi. Kupitia kioo nilimwona daktari anainama kwenye mashine yake, anageuza kidude, anageuza, ananitazama. Nikaelewa kwamba sauti zilikuwa zinapigwa na mimi sizisikii. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Kabla ya hapo nilikuwa mbishi tu.

Daktari huyo aliitwa Nasimiyu. Ni msichana mdogo kwangu, lakini ana utulivu wa mtu mzima, na akiongea nawe haangalii karatasi, anakuangalia wewe. Alinionyesha mstari uliochorwa, unaoanza vizuri halafu unateremka ghafla.

"Mama, hizi zilizoenda hazirudi," alisema. "Nisikudanganye. Ni kelele ya mashine imeziua, pole pole. Kazi yetu mimi na wewe ni hizi zilizobaki."

"Kwa hivyo niache kusaga?"

"Kwanza pumzika, mbali kabisa na injini. Halafu tutaona kama unaweza kurudi bila kupoteza zingine."

"Lakini nilikuwa najikinga," nikamwambia. "Niko na zile za kuvaa masikioni."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa likinichanganya. Nilikuwa navaa vifunika masikio, vile vyenye vikombe viwili vya plastiki na upinde wa kupita juu ya kichwa. Wateja waliviita hedifoni, wakaniuliza nasikiliza wimbo gani. Nilikuwa nimevivaa miaka, siku nyingi kuliko zile nilizosahau.

"Viko wapi?" aliuliza. "Siku ingine uje navyo. Na uje umevaa vile unavaanga kazini, kila kitu."

Nilipumzika. Baba Brenda akashika mashine, kwa sababu mtu alipaswa kuishika. Nilikaa nyumbani mvua ikinyesha, na kati ya mambo yote hilo la kukaa ndilo lililonishinda zaidi. Niliyezoea kuongea na nusu ya Lurambi kwa siku nikawa naongea na kuku. Lakini mwili ulianza kutulia. Sahani ziliacha kunichoma. Asubuhi moja nilisikia chapati ikilia shii kwenye mafuta, nikaita watu waje wasikilize.

Jioni moja Baba Brenda alirudi kutoka kazini, akakaa kwenye benchi la nje, akawa anajipiga piga sikio kwa kiganja kama mtu aliyeingiwa na maji. Nikampelekea chai. Hakuichukua. Alinitazama, akaniita jina langu halisi, jambo asilolifanya.

"Phanice. Hii kitu inalianga tu hivi?"

"Inalia vipi?"

"Nyiii. Haikatiki."

Nikakaa karibu naye. "Ndiyo. Ndivyo inavyolia."

"Na yako ni ya tangu lini?"

"Tangu Brenda akiwa shule ya msingi."

Aliushusha mkono kutoka sikioni. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakuambia ni mawazo." Chai ikapoa. Wiki iliyofuata tuliketi sote wawili kwenye benchi la kliniki, na jina langu lilipoitwa yeye ndiye aliyelisikia.

Mlio wake, kwa bahati njema, ulikuwa wa juzi juzi, nao ulipungua alipopumzika. Mimi nilikuwa nimekuja nimevaa vya kazini, kama nilivyoagizwa: kitambaa cha kichwani, nywele zangu nene za kusuka, miwani, na vifunika masikio juu ya vyote hivyo. Daktari Nasimiyu alinizunguka kama fundi cherehani anayepima gauni.

"Gusa hapa," akaniambia.

Niligusa chini ya kikombe, nyuma ya shavu. Kidole changu kiliingia hadi ndani bila kusukuma. Mkono wa miwani ulikuwa umeinua mto wa kikombe upande huu. Nywele zilikuwa zimeuinua upande ule. Kitambaa kilikuwa kimelala katikati. Na mito yenyewe, ile duara laini inayokaa ngozini, ilikuwa imekauka kwa jasho na unga, imekuwa migumu kama chapati ya juzi na imepasuka. Upinde nao ulikuwa umelegea, kwa sababu nilikuwa nimeukunjua mwenyewe usinibane.

"Panapopita hewa, kelele inapita," alisema. "Hapa umevaa kofia, Mama. Hujavaa kinga."

Akaniingiza tena kwenye kile chumba. Safari hii alipiga sauti kwa spika, mara nikiwa na masikio wazi, mara nikiwa nimevaa. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

Vipya tulivyopata kwenye duka la vifaa mjini vilikuwa vile vile, na mito yake ilikuwa migumu tangu dukani. Mito ya kubadilisha hawakuwa nayo. Kwa hivyo nikaamua kuitengeneza. Nilimwendea Shisia, fundi anayeshona viti vya bodaboda karibu na steji, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Nilimwambia nataka mito laini na minene.

"Mama, hiyo ni kazi ya kunywa chai," alisema. "Nitakuwekea kiti cha kifalme cha masikio."

Kweli vilipendeza. Aliweka sponji nene ya godoro, akazungushia reksini nyekundu, ile ngozi bandia ya viti, akashona kwa uzi mweupe mishono mizuri kama ya kiti cha pikipiki mpya. Na kwa wema wake akatoboa vikombe matundu madogo madogo. "Sikio lazima lipumue," alinieleza. Nilivivaa nikajiangalia kwenye kioo cha pikipiki, nikajiona nimemaliza.

Lakini nilikuwa nimeahidi kutorudi kwenye mashine kabla ya kupimwa. Daktari Nasimiyu alivigeuza mkononi, akaniingiza chumbani. Nilipotoka alikuwa anauma mdomo asicheke.

"Mama, vile vya zamani vilikuwa afadhali."

Matundu yalikuwa yanapitisha sauti. Matundu ya sindano, yale ya mishono mizuri, yalikuwa yanapitisha sauti. Na sponji nene ilikuwa inasimama wima, haijilazi kwenye mashimo ya shavu na taya. Nilirudi kwa Shisia nikitarajia atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. Alichukua kiti chake akakisogeza.

"Kwa hivyo ni kama tyubu," alisema. "Isivuje."

"Kama tyubu."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Tulianza upya na vikombe vipya visivyotobolewa. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hunipigia simu kuniuliza, kwa hivyo naieleza. Mto ulitengenezwa kwa sponji ile inayobonyea na kurudi taratibu, siyo ya godoro. Upande unaogusa ngozi uligeuzwa kuwa wa reksini nyembamba, laini, bila mshono hata mmoja. Kiungo kiliunganishwa kwa gundi kwa nyuma, panapokaa kwenye plastiki, na pale mto unapokutana na kikombe tukahakikisha hakuna ufa. Shisia aliviingiza kwenye beseni la maji vimebanwa pamoja, akaangalia mapovu, kama anavyotafuta pancha. Tukaviweka juani mpaka vikauke kabisa. Ndani ya kikombe tukalaza kipande cha sponji ili sauti isigonge plastiki na kurudi, ila isiguse sikio. Upinde wa chuma tukaukunja urudi kubana kama ulivyotoka kiwandani.

Yaliyobaki yalikuwa juu yangu mimi. Miwani niliitoa mikono, nikaweka mpira bapa wa kushonea sketi, unaopita nyuma ya kichwa bila kuinua mto. Kitambaa nikakifunga juu ya upinde badala ya chini yake. Na nywele nikazikata. Nilikuwa nimezifuga tangu nilipoolewa, na msusi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nilipofika nyumbani Baba Brenda alinitazama, nikangoja maneno.

"Unafanana na ile picha yako ya shule," alisema.

Daktari Nasimiyu alipima tena, na hapo hakucheka. Alipima mara ya pili kuhakikisha. Kisha akanifundisha kuvaa na vizibo vidogo vya sponji ndani ya sikio, vile unavyovisokota na kuviacha vifure, na vifunika masikio juu yake. Na akanionya, nami nakuonya: vitu vya kutengeneza mwenyewe havina muhuri wa mtu yeyote, na jicho haliwezi kupima kelele. Kama unaweza kupata mito ya kiwandani inayolingana na vyako, nunua hiyo. Kama huwezi, tengeneza, lakini usiamini mpaka upimwe. Mimi niliamini kioo cha pikipiki.

Nilirudi kwenye mashine mahindi mapya yalipoanza kuja. Woga wangu ulikuwa mmoja: kwamba nikiziba hivi sitaisikia mashine yenyewe. Msagaji anaishi kwa sikio. Mkanda ukilegea, jiwe likiingia, mafuta yakipungua, sikio ndilo linaloambiwa kwanza. Nilivaa, nikamwashiria Baba Brenda azungushe injini. Ilikuja kama kitu kilicho nyumba ya tatu. Na ajabu ni kwamba, baada ya siku chache, niliisikia vizuri kuliko zamani. Ile ngurumo iliyokuwa inameza kila kitu ilipungua, na chini yake nikaanza kutambua kila kitu na sauti yake: mpigo wa injini, mvumo wa kinu, mkanda. Nyayo zangu nazo zilijifunza. Kabla mavuno hayajaisha nilihisi sakafuni mtetemo usiokuwa wa kawaida, nikainua mkono, Baba Brenda akazima. Beringi ilikuwa inakaribia kukatika. Ingekuwa ni mimi wa zamani, mkanda ungeruka tukiwa tumesimama pale.

Wateja hawaingii tena ndani injini ikiwaka. Tulikata dirisha, wanapitisha ndoo, na tunaongea kwa vidole. Baba Brenda alisogeza bomba la moshi likatokea nyuma, upande wa shamba. Na yeye mwenyewe anavaa. Alikataa mwanzoni, akisema wenzake wa miwa watamwita rubani. Walimwita rubani. Sasa anaitika.

Kulikuwa bado na Iguhu. Mwaka ulipotimia tulienda ukumbusho wa Mzee. Nilikuwa nimepata kifaa cha kusaidia kusikia kwa sikio la kushoto, lakini mahali penye watu wengi kilikuwa kinaniletea kelele za vijiko na watoto zaidi kuliko maneno, kwa hivyo nilikivua nikakaa pembeni. Sikuwa nimepata nafasi ya kumweleza Mama mkwe, na sikujua kama mwanawe amemweleza. Nikamwona anainuka penye kiti chake. Alikibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaja nacho hadi nilipo. Kushoto kwangu palikuwa wazi. Akanizunguka, akakiweka kulia, akakaa, akainama karibu.

"Shivachi ameniambia ni upande huu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi nataka nikuulize. Hiyo ingokho ulisema utaleta, iko wapi?"

Nilimtazama nikaona anajikaza, kisha akashindwa, tukacheka wote wawili mpaka watu wakageuka. Na tulipomaliza kucheka tulilia, yeye amenishika kifundo cha mkono. Jirani akauliza kuna nini. Mama akamjibu kwa Kiluhya kwamba mambo ya mtu na mkaza mwanawe hayaulizwi.

Napima kila mwaka. Mara ya mwisho Daktari Nasimiyu aliweka mistari miwili juu ya dirisha, wa zamani na wa sasa, ikalingana. Wa sasa haujapanda. Sikutarajia upande. Haujashuka, na hilo ndilo nililokuwa naliomba.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Mautuma, mwenye poshomili kama mimi, ameambiwa na mteja. Alikuwa na vifunika masikio vyake ndani ya mfuko wa plastiki, mito imepasuka, akaniomba radhi kana kwamba ameniletea sahani chafu. Aliniambia nyumbani wanasema amekuwa na kiburi, hajibu salamu. Alikuwa ananiangalia midomo. Nilisogea kwenye mwanga ili anione vizuri.

Nilimpa vyangu. Nikamfunga kitambaa upya, nikazirudisha nywele zake nyuma, nikavishusha vile vikombe, nikapitisha kidole pembeni mpaka kikakosa pa kuingilia. Mimi nikavaa vya akiba, na Baba Brenda akawasha injini. Yule mama alisimama akingoja kelele ije. Alingoja, akanitazama, akaitazama injini inayotetemeka mbele yake. Kisha akainua kikombe kimoja kidogo tu, akaruka, akakirudisha haraka kwa mikono miwili.

Aliongea, sikumsikia, naye alijua sisikii. Nikainua mkono. Injini ikazimwa, akavua polepole.

"Kumbe," alisema, "nimekuwa nikikula hii yote kila siku?"

"Kila siku, dada," nikamwambia. "Njoo twende kwa Shisia."